Mfuko Uliozibwa kwa Bandi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi cherehani ambaye wateja walimwita Bi Mkasi, kwa kuwa mkasi ulining'inia shingoni mwake tangu anafungua kibanda hadi anafunga. Bi Mkasi ametutoka wiki iliyopita, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alishona sare za shule. Narudia, alishona sare za shule, maana habari yote iko kwenye sketi moja.

Sketi hiyo ilikuwa ya mjukuu wake. Mama wa binti alipata kazi mji wa mbali. Akamwacha mtoto kwa bibi yake, akamwachia na simu ya kisasa ili wasipoteane. Binti akahamia shule mpya katikati ya mwaka. Nyumbani alikula na simu mkononi, akaoga nusunusu kuiwahi simu, akamjibu bibi yake bila kumtazama.

"Mke mwenzangu," Bi Mkasi alimtania, "huyo bwana uliyemkumbatia ataleta posa lini?"

Binti hakucheka. Na bibi akimtania mjukuu asicheke, wasikilizaji, hapo pana jambo.

Siku moja mwalimu wa darasa alipita kibandani kuchukua suruali yake.

"Mama, mjukuu wako mapumziko yote yuko nyuma ya bomba la maji na simu. Hajui hata jina la mwenzake wa dawati."

"Kwani getini hamuwapekui?"

"Tunapekua mikoba. Mifuko ya sketi hatutii mikono."

Bi Mkasi alichanganyikiwa. Simu ilikuwa inamla mtoto, hilo aliliona. Lakini simu hiyohiyo ndiyo iliyomletea sauti ya mama yake kila jioni. Ukimnyang'anya simu, umemnyang'anya mama. Ashike lipi, aache lipi? Mdogo wake, aliyekuwa akimsaidia kupiga pasi, anasema, "Siku ile dada alishona shati lenye mikono miwili ya kushoto. Fundi mzima. Nikajua hayupo hapa."

Mwishowe akawaza kama fundi. Akaichukua sketi ya mjukuu, akaziba midomo ya mifuko. Ila hakuiziba kwa cherehani. Alipiga bandi, ule mshono wa muda wa mkono, ambao ukivuta uzi mara moja unatoka wote.

"Nikamwuliza mbona hivyo," anasema mdogo wake. "Akanijibu, 'Mdogo wangu, sijui kama nafanya sawa. Fundi asiye na hakika hupiga bandi kwanza.'"

Kwa mjukuu alisema jingine. "Mifuko nimeiziba. Usijisumbue, haifunguki ng'o."

Jumatatu binti akaenda shule bila simu, uso umevimba kwa hasira. Kutwa nzima Bi Mkasi hakutulia. Aliamini amemvunja mtoto moyo. Jioni binti akarudi, akavua viatu, akasema kuna msichana wa dawati lake anaitwa Kijiko, na mfuko wa Kijiko umetoboka chini.

"Anasema mimi mfuko wangu hauna mdomo, wake hauna kitako. Eti tukishonwa pamoja tunapata mfuko mmoja."

Akacheka. Bi Mkasi akacheka pia, kisha akaingia jikoni akalia, na hakujua analia nini.

Msidhani mambo yalinyooka. Binti alianza kuchelewa kurudi, anacheza na Kijiko. Mama yake alipopiga simu, akawa anamwambia, "Nitakupigia baadaye, mama." Mama akampigia Bi Mkasi akilia, "Umemfanya nini mwanangu?" Mtoto ana furaha, mama ana majonzi, na sindano aliishika Bi Mkasi. Kila alipoifua sketi ile aliupapasa uzi wa bandi. Upo. Akashangaa mtoto hajaugundua, akaona haya kwa uongo wake, akanyamaza. Alifariki akiwa amenyamaza.

Nilipofika msibani nilimkuta binti amekaa na Kijiko. Nilimwuliza kama alijua kuwa mshono ule ni bandi.

"Siku ya kwanza tu," alisema. "Kijiko aliukagua mfuko, akaniambia, 'Hii bandi, vuta uzi.' Nikamwambia aache. Ningefungua, ningerudi bombani. Lakini bibi sikumwambia. Nilidhani akijua nimejua, ataushona kwa cherehani."

Mama yake alikuwa pembeni. "Mpaka sasa sijui nimshukuru mama yangu au nimlaumu," alisema.

Tunampa pole mama huyo, mdogo wa marehemu na binti. Mungu awashike mkono. Nasi tuliobaki, jioni ya leo tumtazame mtoto aliyeinamia simu, tujiulize anamtafuta nani humo, kabla hatujanyoosha mkono kuichukua.

Binti aliniambia kwamba walipotoka makaburini, akiwa amevaa sketi ileile ya shule, aliuvuta ule uzi. Ulitoka wote mara moja. Simu ilikuwa nyumbani, hakuwa na kitu cha kutia mfukoni. Akatia mkono wake, akatembea nao humo mpaka nyumbani.