Maji Niliyomwaga Rugenge

Wapendwa, leo sikusimama kuimba. Mmezoea kuniona mbele ya korali nimeinua mikono, na wengine mlisema mama huyu anaomba kweli. Nawaambia, ni mdomo ulioomba. Ndani mwangu mlikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa.

Nilikimbia toka kijiji cha Luberizi baada ya bwana yangu kuuawa, nikapanga chumba hapa mtaa wa Rugenge. Jirani yangu alikuwa mama mmoja mjane, naye mkimbizi, toka milima ya juu. Kwa kusikia tu anasema lugha ya waliotuua, nilimhesabu pamoja nao. Siku moja kwenye foleni ya robine, bomba letu la maji, bidoni yake, dumu la kuchotea, ilitangulia yangu. Nikaipiga teke, maji yote yakamwagika. Akaiokota, akaenda zake. Tangu hapo akawa anachota maji machafu ziwani, nami Jumapili naimba.

Sauti ikanikauka. Asubuhi moja nikashuka ufukweni Kalundu, nikaketi juu ya mawe. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa, milima ya Burundi haionekani; maji na mbingu vilikuwa kitu kimoja cheupe. Sikuomba. Nilisikia pumzi yangu tu, ikiingia, ikitoka, mpaka nikawa kama nimo ndani ya ule ukungu. Humo, ndugu zangu, nikajiona. Sikuona adui. Niliona mjane anayeogopa, na kando yake mjane mwingine anayeogopa vilevile, na mwanga uleule umetushika sote wawili. Sijui nilikaa muda gani. Nililia bila uchungu.

Miguu ikainuka yenyewe. Kwa yule jirani nikamkuta binti yake mdogo kwenye mkeka, amehara na kutapika mpaka macho yameingia ndani. Mama yake akasimama mlangoni.

"Weye, unatafuta nini tena?"

"Unisamehe. Ni minye nilikufukuza kwenye maji. Nipe mtoto, tumpeleke hospitali."

Akaondoka mlangoni, nikapita. Kisha akanifunga mtoto mgongoni kwa kitenge chake mwenyewe.

Mtoto alitundikiwa seromu, maji ya dawa ya mshipani, siku nne, akapona. Nawashukuru waganga wa hospitali waliomhangaikia, na zaidi mama yule, aliyeniamini kabla sijastahili. Ninachowaomba ni hiki: ukitaka kutenda mema, nyamaza kwanza, uingie ndani yako, usiogope utakachokikuta. Mkono utajua pa kwenda.

Mama yule ameketi pale nyuma na binti yake. Amenikataza kumtaja. Anasema anayetaka kulijua jina lake aende akamsalimu.