Bibi Komeo, Bawabu wa Ghala Letu

Ndugu na majirani, poleni. Nimepewa kusoma wasifu huu kwa kuwa mimi ndiye mjukuu mkubwa, na wanaosoma vizuri kuliko mimi wanalia. Nitasoma upesi, kwa sababu tuko nje.

Marehemu bibi yetu, tuliyemwita Bibi Komeo, alizaliwa tarehe 9 Machi, miaka kumi na tisa kabla ya Vumbi, binti wa muuza viatu. Alisoma hadi kidato cha nne, akaanza kozi ya ushonaji. Hakuimaliza. Vumbi lilikuja likaua waliolivuta, na chuo hakikufunguliwa tena.

Familia ilikimbilia ghala hili la matunda, lenye mlango mmoja tu wa chuma, naye akawa bawabu. Kengele ya paani ikilia, alisimama na komeo mkononi akatuita mmoja mmoja, na kila mtu aliitika, "Nipo!" Kisha alifunga mlango, na haukufunguliwa mpaka Vumbi lipite. Mjomba aliwahi kuchelewa akitafuta kofia. Aliingia bila kofia, sikio jekundu kwa kuvutwa.

Tarehe 2 Juni, mwaka wa tano wa Vumbi, aliolewa na fundi bomba, wakajaliwa watoto watatu. Mwaka wa kumi na moja, babu alikuwa kisimani akitengeneza bomba kengele ilipolia. Bibi alimwita, akamwita tena, akafunga. Mama alikuwa mdogo, lakini anakumbuka babu akigonga, na anakumbuka alipoacha. Tangu hapo bibi hakuvumilia hata kijiko kigongwe kwenye sahani.

Tarehe 30 Julai mwaka huu, wa arobaini, kengele ililia mchana. Bibi alipomwita mdogo wangu, tunayemwita Kimya kwa kuwa sauti yake haisikiki hata na aliye kando yake, mama mdogo aliitika kwa niaba yake, kama tulivyozoea. Alidhani Kimya yuko nyuma ya mapipa. Mlango ukafungwa. Ndipo mama alipochungulia kwenye kioo cha dirisha akamwona uani, ameganda kando ya tangi.

"Mama, usifungue!" mjomba alipiga kelele. "Tutakufa wote!"

"Nilishasikiliza mtu akigonga," bibi alisema. "Sirudii." Akajifunga mtandio usoni, akanigeukia. "Shika komeo, mjukuu wangu. Nikitoka tu, funga. Usinisubiri."

Nilifunga. Komeo lilikataa kuingia tunduni, nikalisukuma kwa bega. Kupitia kioo nilimwona akimtumbukiza Kimya kwenye tangi tupu, akalifunika kwa mfuniko na kuukalia ili upepo usiupeperushe. Kisha sikuona kitu tena. Vumbi lilipopita tulimkuta bado amekaa hapo, kope zimejaa mchanga, na Kimya mzima ndani.

Kifua chake hakikupona. Alifariki tarehe 14 Agosti, asubuhi, akiwa ameegemea mkono wa mama.

Ameacha watoto watatu na wajukuu wanne. Komeo nimekabidhiwa mimi, na sitawadanganya, naogopa. Alifunga, halafu akafungua, wala hakuniambia nitajuaje wakati wa kufunga na wakati wa kufungua.

Tukishafukia kaburi, tuingie ndani pamoja. Nitaita majina. Mama mdogo, nakuomba, Kimya usimwitikie. Aitike mwenyewe, hata akichukua muda. Tutamsubiri.

Bibi, pumzika kwa amani, mahali pasipo na mlango wa kulinda.