Kaseti Niliyoisikiliza Peke Yangu

Abdimalik, mwanangu, toa hizo waya masikioni, na wewe Sadia sogea hapa kitandani, maana sauti yangu inakwisha na nina hofu itanikatikia kabla sijafika penyewe. Ng'ombe sita walioko Balambala mgawane sawasawa, na mjomba wenu Gelle asiwatie maneno. Redio kaseti ni ya Sadia. Usinune, Abdimalik, sababu utaijua.

Mnakumbuka kaseti zilivyokuwa zikija kutoka kambi za wakimbizi, watu wametia humo barua zao kwa sauti. Uani hapa hapakuwa na pa kukaa: jirani anakuja na mkeka wake, chai inapikwa, sauti inafunguliwa hadi mwisho, na wa kulia analia mbele ya watu, kwa kuwa barua ya mmoja ilikuwa ya masikio yote. Moja tu, ya mwaka tisini na tatu, niliisikiliza peke yangu, redio nimeifunika shuka.

Sadia, uliingia ukamsikia mwanamke akisema, "Hooyo, hooyo, uko wapi?" Ukaniuliza ni nani huyo. Nikakwambia ni mtu anamtafuta mama yake. Nilikudanganya. Kwetu mtoto humwita mama yake hooyo, na mama humwita mtoto hivyo hivyo, nami nikajificha ndani ya neno hilo. Yule ni Weris, aliyekuzaa. Nilipokuokota Liboi, pale mpakani, watu wakikimbia vita na kugombania malori, niliambiwa amefia njiani, nikaamini. Kaseti ilipofika, aliyeileta akisema ni ya Weris anayemtafuta mwanawe aliyepotea Liboi, nikajua yu hai, nikaogopa, na miaka sita sasa kila gari likisimama nje nakuita uingie ndani.

Iko chini ya kitanda, ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Nilitaka kuifuta. Nilibonyeza kitufe cha kurekodi, nikakohoa, mkono ukanikataa. Mtakisikia kikohozi changu, kisha yeye anaendelea, anataja kambi ya Ifo na bloki yake.

Mkishanizika, Abdimalik, fungua mlango, ita majirani, weka sauti hadi mwisho, wasikie wote nilichofanya. Kisha mpeleke dada yako Ifo, usimwache njiani. Mwambieni Weris anisamehe, akinyamaza, msimlazimishe.

Maji... basi, acha. Radhi yangu nimewapa nyote wawili, Mungu awahifadhi. Sadia, ukisikia hooyo kwenye kaseti, ni wewe unaitwa. Na mimi nakuita. Hooyo... itika, mwanangu. Itika nisikie.