Vigingi Uwanjani

Mgeni rasmi, Bwana Elias Otuoma, Meneja wa kiwanda cha minofu ya sangara hapa Nyakato. Mkuu wa Shule, walimu na wazazi wetu: shikamooni.

KARIBU
Sisi wanachama wa Chama cha Fizikia, Kidato cha Sita, tumefurahi mno. Umewaacha samaki kwenye barafu ukaja kwetu, nasi tumefagia hadi nyuma ya maabara.

CHAMA CHETU
Kilianzishwa mwaka 1993 na Mwalimu Ngosha, aliyeketi kulia kwako. Vifaa havikuwepo. Yeye alikuwepo.

TUNACHOJIVUNIA
Mwaka huu tumekuwa wa kwanza katika maonyesho ya sayansi ya kanda. Tulieleza madini yaliyojengwa kwa matabaka membamba sana. Yakipozwa mno, elektroni zake hugombea njia mbili: ama zijipange mistari na kukwama, ama ziungane mbili mbili na kupita bila ukinzani. Chembe za uchafu zikiingia ovyo, mistari huvunjika, na mara nyingine jozi hushinda.

Majaji hawakuelewa, basi tukawachezea ngoma kama kwenye mashindano ya Bujora, ambako vikundi viwili vya Kisukuma, Bagalu na Bagika, hugombea watazamaji. Bagalu walicheza kwa mistari, Bagika wawili wawili. Mwalimu akachomeka vigingi uwanjani bila mpangilio. Mistari ikavurugika, jozi zikapita, na watazamaji wote wakahamia kwa Bagika. Bagalu wanalalamika mpaka leo.

MATATIZO
Paa linavuja na umeme ni wa mgao. Hivyo ni vigingi tu, mgeni rasmi, tumevizoea.

Lakini ipo chembe moja inayoachanisha jozi, nayo ni yenye sumaku. Humvuta mmoja huku na mwenzake kule. Tumesikia Jumatatu Mwalimu anaanza kazi kwako ya kutunza majokofu. Hatumlaumu, ana familia. Ila mtihani wetu wa taifa ni Mei, na tunaogopa.

OMBI
Risala aliyoisahihisha Mwalimu iliomba mabati. Hii hajaiona, na adhabu yake tutaipokea. Mabati yatasubiri. Tunakuomba utuachie Mwalimu Ngosha alasiri tu, mpaka tufanye mtihani.

Mungu akulinde, wavuvi wako wavue salama, na majokofu yako yasiharibike hata moja kabla ya Mei.

Ni sisi wako,
Chama cha Fizikia, Kidato cha Sita.
Msomaji: Suzana Okech, wa Bagalu.