Nukta Niliyotia Bila Kusoma

Ndugu zangu, na mama zangu mulioketi kule nyuma ya pazia la mukeka, nisikilizeni kidogo kabla hatujafungua kitabu. Imamu ameniruhusu kusema, na ruhusa niliiomba mwenyewe. Munanijua wote. Mimi njo yule mwenye vidole vyeusi, ninayenakili vitabu karibu na kivuko. Wengine wenu muko na kazi ya mukono wangu nyumbani, na mukinikuta njiani munanisifu. Leo nawaomba muziweke hizo sifa kando. Nataka kuwaambia juu ya kitabu kimoja nilichokiharibu, na nilipokiharibu nilikuwa nimeamuka, sikuwa na homa.

Nitasema polepole. Nikilia muniache nilie, kisha nitaendelea.

Mimi sikuzaliwa karibu na wino. Watu wangu ni wa upande wa Kailo, na nilifika hapa Kindu nikiwa mudogo, kichwani nimebeba muzigo wa muntu mwingine. Yaliyotokea njiani si ya leo. Mwalimu wetu, muzee wa pwani, alinitoa kwenye mizigo akanipa ubao na kalamu ya tete. Nilipojua kuandika, akanifungulia sanduku lake la bati. Ndani kulikuwa na vitabu vitatu vya zamani, na chini ya kila mustari wa Kiarabu yeye mwenyewe alikuwa ametia Kiswahili, ili sisi wa hapa tusikie.

Cha kwanza kilikuwa cha maumbile ya vitu: maji, moto, uzito, na kwa nini kasia likiwa ndani ya maji linaonekana limevunjika. Cha pili kilikuwa cha hekima: akili ni nini, na tunajuaje kwamba tunajua. Cha tatu njo hiki kilicho mbele yenu. Ni kitabu cha habari za roho. Muandishi wake alizunguka miji mingi akiuliza watu walioota wafu wao, waliosikia sauti ndani ya nyumba tupu, waliojua musiba kabla habari haijafika. Kila habari aliiandika kama alivyoambiwa. Akamuchunguza na musemaji: alikuwa mugonjwa ama muzima, alikuwa amelala ama hapana. Na mwisho wa habari nyingi aliandika neno moja tu, sijui. Mwalimu alikipenda kitabu kwa sababu ya lile neno. Aliniambia, "Mwanangu, wengi waliandika juu ya roho. Huyu peke yake njo aliona haya."

Munajua hewa yetu ilivyo. Karatasi ikimaliza masika mbili inaota ukungu, na ukungu ukichelewa muchwa anawahi. Vitabu vile vilikuwa vinakwisha, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuviandika upya.

Sasa hapa munifuate vizuri, maana musiba wote uko hapa. Sisi wanakili tuko na desturi. Ukimaliza habari moja unachora kiduara kidogo, kitupu. Kitabu kikisha, watu wawili wanaketi. Mumoja anasoma nakala kwa sauti, wa pili anafuata kwa kidole ndani ya kitabu cha zamani. Mukikuta ni sawa, unatia nukta ndani ya kiduara. Musomaji wa mbali akiiona ile nukta anajua kwamba watu wawili wamesimamia yale maneno. Macho ya mwalimu yalipokufa hakuhitaji kidole tena, kwa sababu kitabu alikuwa nacho kichwani. Mimi nilisoma, yeye alisikiliza, na nikiruka hata neno dogo aligonga mukeka.

Nilikuwa na binti. Alikuwa wa miaka saba. Ukimuita, popote alipo, alijibu, "Nakuja, nimeshafika," na wewe bado uko unamungoja. Mama yake alikuwa anamucheka kila siku: umefika wapi na mimi sikuoni? Ndui ilipoingia Kindu ilikaa naye siku tisa. Mama yake na wanawake wawili waliokuwa wameugua zamani njo walimuosha. Mimi nilichimba. Siwezi kusema zaidi ya hapo, na wengi wenu munajua, mulichimba mwaka uleule.

Siku ya kumi na mbili tangu kaburi, baada ya sala ya adhuhuri, usingizi ulinichukua juu ya kazi, kalamu mukononi. Nikamuona mulangoni. Hakuwa na kovu hata moja. Nilimuita, akajibu kama siku zote. Nikaamuka, wino umemwagika kwenye ukurasa. Ndugu zangu, nawaambia, sikumuambia muntu. Hata muke wangu sikumuambia, na lile njo lilikuwa kosa la kwanza, kabla ya kosa la wino.

Nilikuwa nimefika kwenye habari ya baba mumoja ambaye mutoto wake alizama. Yule baba alisema anamusikia kando ya maji. Muandishi wa zamani alimaliza hivi: "Baba huyu alikuwa amechoka na alikuwa analia. Nimemusikiliza mara mbili. Sijui." Nililitazama lile neno nikalikasirikia kama muntu aliyekuja matangani na kukaa kimya. Nikaliacha. Mahali pake niliandika: "Mutoto aliyekufa anasikia akiitwa kando ya maji. Anayemuita bila kuchoka atajibiwa: nakuja, nimeshafika."

Mukiniuliza kama nilijua ni uongo, nitajibu kweli. Nilijua si maneno ya kitabu. Lakini nilimuona binti yangu amekaa pale kati ya wenye elimu, kwa wino muzuri, na nikafikiri hapa muchwa hatamufikia haraka.

Mwalimu aliniuliza, "Hii ya tatu tutaisoma lini?" Nikamuambia nimeshaisoma na mugeni mumoja anayejua Kiarabu, amepita, amekwenda zake. Muzee kipofu alinyosha mukono akanishika bega, akanishukuru kwa kumupumzisha. Nilirudi nyumbani nikatia nukta ndani ya viduara vyote, kimoja kimoja, bila kusoma hata mustari. Kisha nilichukua kile kitabu cha zamani, au mabaki yake, nikakifunga na jiwe nikakizamisha mutoni, kama tunavyofanya na kurasa zilizokufa. Nilikizamisha mapema. Kilikuwa bado kinasomeka.

Nakala yangu ikapendwa. Mumoja akainakili akapeleka Lokandu, mwingine akainakili akapeleka Kailo. Na hapa kwetu ilianza kusomwa kwa wanawake siku za Alhamisi, maana nyumba nyingi zilikuwa na musiba.

Mama mumoja alikuwa anasikiliza. Simutaji, na nawaomba musigeuke kutazama. Ndui ilimuchukulia mutoto mukubwa, akabaki na mwingine wa kunyonya. Alisikia ule mustari, akatoka, akaenda kando ya muto. Kesho yake akarudi tena. Akawa anafika asubuhi na kuondoka jua likizama, anaita jina moja. Mvua ikanyesha juu yake. Maziwa yakakauka, na yule wa kunyonya akawa anabebwa na shangazi yake, amekuwa mwepesi kama nguo.

Nilimukuta siku nilipoenda kuosha vibuyu vya wino. Sauti yake ilikuwa imekwisha, midomo tu njo ilikuwa inatikisika. Nikamuambia, "Mama, rudi nyumbani, mutoto anakulilia." Akanijibu bila hasira, "Fundi, kitabu chako kinasema tuite bila kuchoka. Labda mimi nachoka bila kujua."

Hapo nilipaswa kupiga magoti. Sikupiga. Niliacha vibuyu vyangu pale majini nikakimbia, mimi muntu muzima. Tangu siku ile kalamu haikukaa mukononi. Nikaanza kwenda kwa wagema wa upande wa pili, kunywa malafu, pombe yao ya michikichi, na sala ikikaribia nasema niko na homa. Wengine wenu mulinileta nyumbani munanishika mikono miwili, na hamukunitangaza. Nilisikia harufu yangu mwenyewe nikamuonea huruma muke wangu. Na kila asubuhi niliamuka nikijua kwamba yule mama yuko mutoni, kwamba neno moja kutoka kwangu lingemurudisha, na silisemi. Kulisema ilikuwa kumutoa binti yangu ndani ya kitabu. Angebaki wapi?

Muke wangu hakuwa anakwenda kwenye ule usomaji. Alikuwa anaogopa kulia mbele ya watu. Alhamisi moja jirani alimuvuta mukono, akaenda. Alirudi kabla ya wakati, akasimama mbele yangu. Bado alikuwa ananiita kwa jina la mutoto wetu, baba ya fulani, kama kila siku, na jina lenyewe leo silitaji. Akasema, "Baba yake, kile kitabu cha watu wa zamani kimemusikia wapi mutoto wangu?"

Nilitazama vidole vyangu.

"Ulimuota?"

"Ndiyo."

"Alikuwa namna gani?"

"Hakuwa na kovu."

Akakaa chini. Kisha akasema, "Ukawapa watu wa Lokandu, mimi ukaninyima."

Ndugu zangu, nimepigwa fimbo katika maisha haya, na munajua nilivyofika hapa. Hakuna iliyoingia kama ile. Tulilia wawili kwa mara ya kwanza tangu kaburi. Tulipomaliza, yeye njo alisimama, akachukua kitabu akanitia mukononi, akasema twende kwa mwalimu.

Nilimusomea muzee ile habari. Nilipofika kwenye maneno yangu akagonga mukeka. "Hapo hapana," akasema, na akayasema ya kweli kutoka kichwani, mupaka lile neno la mwisho. Nikamuambia yote: mugeni ambaye hakuwako, nukta, jiwe, mama aliye mutoni. Kisha aliniuliza kitu kimoja. "Nakuja, nimeshafika. Si ni binti yako? Nilikuwa namusikia akipita nje ya mulango wangu." Kipofu alikuwa amemujua kwa sauti. Nilitegemea anilaani, na yeye alikuwa anafuta macho yasiyoona. Akasema, "Kwa yule mama nenda sasa hivi. Vitabu vitafuata. Lokandu na Kailo nenda mwenyewe, usitume muntu. Nakala zikiwa zote sawa, njo tutatia nukta ya habari hii, mimi na wewe."

Tulikwenda mutoni, mimi na muke wangu. Nilimuambia yule mama kwamba maneno yale ni yangu, si ya kitabu, na kwamba nilikuwa namulilia mutoto wangu. Hakunipiga. Aliuliza, "Basi wangu hawezi kunijibu?" Ulimi ulitaka kumupa uongo mwingine, muzuri kuliko wa kwanza. Nikasema, "Mama, sijui." Akatazama maji. Akasema, "Mimi nilikuwa nafikiri amenikasirikia." Muke wangu alimufunga kitambaa chake begani, wakapanda ukingo pamoja, na mimi nikafuata nyuma nimebeba viatu vyao. Yule wa kunyonya yuko hai. Ametembea juzi.

Kisha nikaenda Lokandu, na baadaye Kailo, na kisu kidogo cha kukwangua wino. Kila nakala niliikwangua mbele ya mwenyewe na kumueleza kwa nini. Wa Lokandu alinifukuza, nikalala nje ya ua wake mupaka akafungua. Ya kwangu niliiacha ya mwisho. Wino mukavu unatoka vumbi tu. Nilichimba mara ya kwanza kwa jembe, mara ya pili kwa kisu, na ya pili nilikuwa peke yangu.

Nilipokuwa Kailo mwalimu aliondoka. Alikuwa ameuliza asubuhi ile kama nimesharudi. Mulimuzika nyinyi bila mimi, sina la kuongeza.

Kwa hiyo niko hapa kushukuru. Namushukuru muke wangu, aliyesikia sauti ya mutoto wake katikati ya maneno ya watu na hakukaa kimya. Nawashukuru mulionibeba njiani mukafunga midomo. Namushukuru shangazi aliyemubeba mudogo. Na yule mama, ambaye mwezi uliopita aliniletea kibuyu changu alichokiokota mutoni, amekiosha. Sikupata neno la kumujibu siku ile. Nalisema leo: ahsante, mama.

Mukitaka funzo, ninalo dogo. Musiba wako ulilie na wa nyumbani kwako, uwaambie ulichoota. Usiutie mudomoni mwa muntu mwenye elimu ili watu wauamini. Na kama kitabu kimesema sijui, andika sijui, hata kama mukono unakataa. Kuna mama atakayekaa kwenye mvua kwa ajili ya neno ulilobadilisha.

Nakala hii ni mupya yote, si ile niliyokwangua; niliiandika kabla ya kwenda Lokandu. Viduara vyake viko na nukta za kweli, maana mwalimu alizisikiliza habari zake kabla ya kuondoka, isipokuwa kiduara kimoja. Hicho bado kitupu, ingawa maneno yake ni yale mwalimu aliyoyasema kutoka kichwani, muke wangu akiyasikia. Desturi inataka watu wawili, na wa pili amekwenda, basi leo nyinyi nyote njo wa pili wangu. Nitasoma ile habari ya baba na maji, mutasikiliza mupaka neno la mwisho, na mukiridhika nitatia nukta mbele ya macho yenu. Karibu na mwisho nitasimama kidogo. Musifikiri nimepoteza mustari. Binti yangu alikuwa pale, na mimi njo nilimutoa.