Mchungaji Yaw Asubonteng, Aliyesema Kumasi Ina Fikra Yake

Mchungaji Daktari Yaw Asubonteng aliingia duniani siku ya Alhamisi, tarehe 9 Machi 1944, mjini Effiduase, na kwa kuwa kwetu mvulana wa Alhamisi huitwa Yaw, hakuna aliyehangaika kumtafutia jina. Alikuwa mtoto wa tano wa Mzee Kofi Asubonteng, mkulima wa kakao na mwinjilisti, na Maame Akosua Birago wa ukoo wa Asona. Asubuhi ile mvua ilinyesha hadi kambale wakaogelea jikoni, na mkunga akamdaka mmoja kwa mkono wa kushoto huku wa kulia umemshika mtoto. Mimi dada yake, Afua Konadu, niliona kwa macho yangu. Wengine walioona wameshatangulia, kwa hiyo atakayebisha akawaulize huko.

Alianza shule ya msingi hapo hapo Effiduase mwaka 1950. Mwalimu alipofundisha kwamba Mungu yuko kila mahali, marehemu aliuliza kama yumo pia ndani ya kiboko. Alijibiwa kwa vitendo. Alirudi nyumbani akitembea upande, akamwambia mama kwamba swali lake bado halijajibiwa. Alisoma sekondari Kumasi kuanzia mwaka 1958, akaingia seminari mwaka 1965, na akawekewa mikono ya uchungaji mwaka 1969. Mwaka 1974 Kanisa lilimpeleka Ujerumani, naye akarudi mwaka 1978 na shahada ya udaktari wa teolojia na kikohozi ambacho hakikumwacha tena.

Huko Ujerumani ndiko alikookota lile jambo lililomtawala maisha yake yote. Wanateolojia wa mji aliosomea walijulikana dunia nzima kwa jina la mji wao, kana kwamba ni watoto wa mama mmoja, na kumbe hata salamu walikuwa hawapeani. Marehemu akamuuliza profesa wake, “Mzee, hamkubaliani hata jambo moja. Inakuwaje mnaitwa kwa jina moja?” Profesa akamjibu, “Tunagombania mambo yale yale. Wengine wanagombania mengine.”

Akarudi nalo hilo. Alifundisha seminarini Kumasi tangu mwaka 1979 hadi alipostaafu mwaka 2009, na miaka yote hiyo alishikilia kwamba wanateolojia wa Kumasi nao wana mkondo wao wa fikra. Alisema kwingine watu humuuliza Mungu juu ya walio hai, na Kumasi swali la kwanza ni wafu wetu: wako wapi, na tunaagana nao vipi. Alisema hakuna mwanateolojia wa mji huu, wa kanisa lolote, asiyelizunguka swali hilo, awe analipenda au analichukia.

Aliyemchukia zaidi kwa maneno hayo, na kumpenda zaidi kwa mengine yote, alikuwa Mchungaji Daktari Elkanah Baffour, mwalimu wa chuo cha Kipentekoste kule Tafo, humo humo Kumasi. Mama yetu alipokuwa anakata roho mwaka 1986, marehemu alimpa yale maji ya mwisho kama tunavyowapa watu wetu, akiwa amevaa kola yake ya uchungaji, na akayasema maneno ya kuagana yote. Mchungaji Baffour aliandika gazetini kwamba huo ni upagani uliovaa kola. Marehemu akamjibu. Baffour akajibu jibu. Wakaendelea hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila Jumapili jioni Baffour alikuwa mezani kwetu anakula.

“Elkanah,” marehemu alikuwa akimwambia, “jinsi unavyonipinga, mgeni akisikia atajua umetoka Kumasi.”

“Na wauza nyanya wa soko la Kejetia wanagombania mambo yale yale kila siku,” Baffour alikuwa akijibu huku anamega tonge la fufu. “Nao ni wanateolojia?”

Marehemu alimwoa Bi. Comfort Akyaa tarehe 15 Aprili 1972 huko Bantama, na Mungu akawajalia watoto wanne. Bi. Comfort ndiye aliyeanzisha desturi ya kuwaandalia wanateolojia hao bakuli moja tu, wale wote humo humo. Alisema mtu aliye na supu ya chikichi vidoleni hawezi kumnyooshea mwenzake kidole.

Lililomuumiza marehemu lilitokea mwaka 1996, kwenye mkutano mkubwa wa wanateolojia huko Accra. Alisoma hoja yake mbele ya watu wote. Mwenyekiti akawauliza waliotoka Kumasi kama wanajitambua humo. Akasimama Mchungaji Baffour.

“Mwenyekiti, Kumasi tuna soko kubwa na timu ya mpira. Fikra ya pamoja hatuna. Ndugu yangu Yaw ana mkondo, lakini anaoga humo peke yake.”

Ukumbi ulicheka. Wengine wa Kumasi wakasimama mmoja mmoja wakasema hivyo hivyo, kila mmoja kwa njia yake. Marehemu alirudi nyumbani, fufu ikawekwa mbele yake, supu ikapoa hadi ikaota ngozi juu.

“Mbona huli?” nikamuuliza.

“Dada, mtu akiimba peke yake, hiyo ni kwaya?”

“Inategemea sauti,” nikamwambia.

Hakucheka. Tangu siku ile alifundisha vizuri, alihubiri vizuri, alizika watu vizuri, lakini alikuwa kama mtu aliyeita kwenye nyumba na hakuna aliyeitika. Kitabu chake kuhusu fikra ya mji huu hakukimaliza. Alisema hawezi kuandika juu ya ukoo ambao ndugu wote wameukana.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa. Madaktari walimpimia maji ya kunywa, kidogo sana, naye akateseka kwa kiu kuliko kwa maumivu. Mchungaji Baffour alikuja kila siku kumsomea. Walibishana hadi marehemu alipoishiwa sauti, na hapo Baffour akawa anabishana kwa niaba ya wote wawili, akijiuliza na kujijibu, na marehemu anatikisa kichwa pale alipojibiwa vibaya.

Tarehe 14 Mei 2024, Jumanne alasiri, ilionekana wazi kwamba anaondoka. Maji ya mwisho hutolewa na mtu wa ukoo. Mpwa wetu Kwasi Birago, aliyestahili kazi hiyo, alikuwa amekwama njiani akitokea Obuasi. Nikachukua kikombe mimi. Maji yakamwagika shukani, na maneno yakanipotea kabisa, mimi ambaye sijawahi kukosa neno tangu nizaliwe.

Mchungaji Baffour akakitoa kikombe mikononi mwangu. Akamwinua marehemu kichwa, akamdondoshea maji mdomoni polepole, na akayasema maneno yetu tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka hata moja, akalitia jina la Kristo pale pale alipolitia marehemu kwa mama. Aliyajua kwa sababu aliyapinga kwa zaidi ya miaka thelathini. Marehemu alimtazama. Akameza. Akaenda.

“Mchungaji,” nikamwambia baadaye, “umefanya nini?”

“Alikuwa na kiu, Maame.”

Tulipokutana msiba ulipotimiza wiki moja, vijana wa seminari walimzunguka wakimuuliza kama sasa amekubali. Akasema hajakubali. Akasema ana makala mezani ya kumpinga Yaw Asubonteng, ameianza upya mara nyingi, nayo haiendi. Kisha akavua miwani. “Nikiimaliza,” akasema, “nani atanijibu?”

Marehemu ameacha mjane, Bi. Comfort Akyaa, watoto wanne, Abena, Kofi, Adwoa na Yaw Mdogo, wajukuu tisa, dada mmoja, na wapwa wengi wakiongozwa na Kwasi Birago. Wazee wa ukoo walikumbusha kwamba orodha hii ni ya damu na ndoa tu. Tukawasikiliza kwa heshima. Ameacha pia Mchungaji Elkanah Baffour wa Kumasi.

Mungu aliyempa maswali mengi ampe sasa pumziko, na udongo wa Effiduase umlaze taratibu.