Bei ya Chumvi

Mwaka wa 1946, vita vimekwisha na sukari bado yagawiwa kwa vipimo, baraza ya Maalim Muhdhar haikukosa watu. Ukiiacha Ndia Kuu na kuingia kichochoro ambacho wanene wawili hawapishani, ungeisikia kabla ya kuiona: vikombe vikigonganishwa, na mtu akisema "sivyo" kabla mwenziwe hajamaliza. Kila baada ya alasiri Maalim, ambaye wenziwe walimwita Kamusi, alitoka na kitabu kikubwa cha Kiarabu alichorithi kwa babake, akasoma mstari kimoyomoyo, kisha akaufasiri kwa Kiswahili kwa sauti. Neno asilolijua alilibuni. Kushoto kwake aliketi Sheikhan, karani wa ghala moja la bandarini, aliyeitwa Wakili kwa kuwa hajapata kushindwa hoja wala hajapata kuwa nayo. Kamaludin muuza kahawa alitua hapo dele, birika lake la shaba, na jiko lake la makaa, na akishatua hakuondoka mpaka kahawa iishe. Wa nne alikuwa Taib, fundi wa vitanda. Huyo walimwita Amiri.

Jina hilo lilitoka kitabuni. Kitabu kilikuwa riwaya ya kale juu ya Amiri Badran, mkuu wa Visima Saba, mji wa jangwani ambao huenda haujapata kuwako duniani. Lakini pale barazani Amiri Badran alikuwa kama mtu wa mtaa wa pili. Hukumu zake walizijua kwa moyo. Ndugu wawili walipogombea ukuta, aliwaamuru wahamiane nyumba mwezi mzima, na mwezi ulipokwisha wakaja wenyewe kuomba ukuta ubomolewe. Mwizi wa kamba ya kisima alimhukumu kuuchotea mji maji mpaka akajua kiu ya kila nyumba. Watu wakigombana mtaani Bondeni, Sheikhan alisema, "Angekuwako Badran," na wenziwe wakaguna kama waliofiwa juzi.

Na Taib aliupataje uamiri? Miaka miwili na miezi saba nyuma, bintiye Swabaha aliposwa na fundi cherehani wa Kidigo, kijana wa adabu, msikiti haumpiti. Taib hakumkataa wala hakumkubali. Alimpa nduguye idhini asimame badala yake, na siku ya nikahi yeye akashinda kiwandani akipiga randa. Mtaa mzima hakuna bibi harusi aliyelalia kitanda kisichopita mikononi mwa Taib, ila huyo wa kwake. Swabaha akachukuliwa na mumewe Tanga. Waliomjia Taib na maneno yao, yale yasiyojulikana kama ni pole au hongera, aliwajibu neno moja tu: "Mlango wangu sikuufunga."

Maalim Muhdhar alipolisikia alishika ndevu. Lilikuwa neno la Badran mwenyewe, siku bintiye Rimu alipoondoka na msafara wa wauza chumvi. Taib hakukumbuka kama alilitoa kitabuni au kifuani mwake. Lakini toka siku hiyo akawa Amiri, watu wakimpisha njiani, na jina hilo lilimkaa vizuri mabegani kama joho. Shida ya joho ni kwamba mtu hawezi kukimbia nalo.

Kwani alimtaka mwanawe. Alimtaka hasa saa kumi, saa ambayo Swabaha alizoea kumletea chai kiwandani. Akiketi juu ya maranda, akifumba macho na kunusa. "Huu mvule, baba. Huu msaji. Huu umeibiwa mahali, wanuka mwembe." Miezi ya kwanza alileta salamu kwa kila msafiri, na Taib alijibu, "Nimezipata." Hakutia neno la pili. Salamu zikapungua, na tangu Ramadhani iliyopita hazikumjia tena.

Jumatano moja Taib alifika barazani na mgeni. Alikuwa Mung'aro, hamali wa Kirabai aliyemvutia mbao kwa mkokoteni kutoka Kilindini, na mkokoteni ameuegesha mdomoni mwa kichochoro kwa kuwa haupiti.

— Masalkheri, wazee.

— Masalkheri. Keti, — Taib alimwambia. — Unywe kahawa kwanza, kisha twende ukashushe.

Mung'aro akaketi ukingoni. Muhdhar alikuwa katikati ya kusoma, hakuinua uso. Alisoma kwamba mwaka wa nne tangu Rimu aondoke, ule msafara wa chumvi ulirudi Visima Saba. Rimu hakuwamo. Mkuu wa msafara akaja kizingitini kwa Badran, akasimama, akangoja aulizwe. Badran akauliza bei ya chumvi. Akauliza visima vya njiani vina maji kiasi gani. Akaamuru ngamia wanyweshwe. Asubuhi msafara ukaondoka, naye hakuuliza jingine.

Muhdhar akafunga kitabu, kidole kikabaki ndani.

— Basi. Sura imekwisha hapo.

— Hapo hapo? — Kamaludin akauliza. — Hajauliza habari za mwanawe?

— Hakuuliza.

— Ndio ukubwa huo, — alisema Sheikhan. — Mwenye mji hana mwana, ana raia. Angemuuliza mmoja, kila mwenye mtoto aliyepotea angekuja kudai naye aulizwe wake. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba chaingiaje hapo? — Muhdhar akauliza.

— Kibaba cha malalamiko, bwana.

— Mimi nasema aliuliza, — Kamaludin akasema huku akimmiminia Mung'aro. — Nyinyi hamkusikia tu. Mtu wa akili haulizi waziwazi. "Bei ya chumvi" maana yake mwanangu yu hali gani. "Visima vina maji" maana yake amezaa au hajazaa.

— Na mkuu wa msafara alijibu nini, Kamusi? — Sheikhan akadakia.

Muhdhar akafungua, akatazama.

— Alijibu, chumvi imepanda.

— Si hiyo? — Kamaludin akawatazama wote mmoja mmoja. — Imepanda. Mtoto ana mimba.

— Mimba ya mwezi wa ngapi? — Sheikhan akauliza. — Maana bei hiyo haikutajwa ni kiasi gani.

— Usifanye mzaha na kitabu, — alisema Muhdhar. — Badran alinyamaza kwa sababu ya subira. Kuna neno hapa kwa Kiarabu, halina mwenziwe kwa Kiswahili. Maana yake ni mtu anayemeza moto na haonyeshi moshi.

— Neno gani hilo? — Kamaludin akauliza.

— Nimeshakwambia halina mwenziwe.

Sheikhan alikwisha kupata jingine. Alisogea mbele mpaka nusu ya makalio ikawa hewani.

— Nisikizeni. Kwa nini mkuu wa msafara asimame kizingitini? Wauza chumvi hawangoji, wana haraka. Na kitabu chasema alikuwa amejifunga kilemba usoni, sivyo, Kamusi?

— Chasema.

— Basi. Yule alikuwa ni Rimu mwenyewe.

Makaa yakalia.

— Amevaa kiume, — Sheikhan akaendelea, sauti imeshuka kwa kuwa sasa mwenyewe ameanza kuamini. — Amekuja kumjaribu babake. Ataniuliza, hataniuliza? Na mzee akamjua. Akamjua kwa kusimama kwake tu. Lakini mji mzima watazama, afanye nini? Akaamuru ngamia wanyweshwe maji. Yaani Rimu ndiye aliyenyweshwa.

— La haula, — alisema Kamaludin polepole.

Taib alikiangalia kikombe chake. Alijiona amesimama kwenye mlango wa kiwanda, na mbele yake mtu mwenye kilemba usoni, na yeye akimuuliza bei ya mvule. Akanywa, na kahawa ilikuwa imepoa.

Hapo ndipo Sheikhan akakumbuka yuko mbele ya nani. Akarudi nyuma ukutani, akakohoa. Muhdhar akaliokoa jambo kwa heshima, kama kawaida yake.

— Twapiga kelele bure na mwenyewe yupo. Amiri, wewe wasemaje?

Taib akanyoosha mgongo. Neno alikuwa nalo, alikuwa nalo kila mara.

— Mlango haukufungwa. Ajuaye ndia hangoji kuitwa.

— Naam, — alisema Muhdhar.

— Mwenda pole hajikwai, — alisema Sheikhan, na hakuna aliyemuuliza aendaye pole hapo ni nani.

Mung'aro alikuwa amemaliza kikombe. Alikigeuza mkononi, akamrudishia Kamaludin kwa mikono miwili.

— Samahani, wazee. Mimi nimekuja kati, mwanzo sikuusikia. Huyo binti, aliambiwa kwamba mlango u wazi?

— Babake alisema, — Sheikhan akajibu. — Ndilo neno lake kubwa. Mji mzima walijua.

— Mji, naam. Naye?

— Naye vipi?

— Yeye si alikuwa ameshaondoka? Nauliza tu. Nani alimpelekea habari?

Kwa mara ya kwanza tangu ajulikane barazani, Sheikhan alitaka ushahidi wa kitabu. Akamgeukia Muhdhar. Maalim akafungua kitabu, akarudi nyuma kurasa kumi, akarudi ishirini, kidole chake kikishuka mstari kwa mstari na midomo ikienda. Alifika siku ya kuondoka kwa Rimu. Akasoma kimya mpaka chini. Akageuza ukurasa. Akageuza tena, akaja mbele mpaka kwenye msafara.

— Haimo, — alisema.

— Labda mfasiri ameiacha, — Kamaludin akasema.

— Mfasiri ni mimi.

Mung'aro aliona wamenuna, akadhani amekosa adabu. — Niwieni radhi. Kwetu binti akiolewa mbali hupelekewa mtu, hata kama hamkupatana. Ndiyo maana nikauliza.

Kamaludin akaliinamisha dele juu ya kikombe cha Taib, na yakatoka matone mawili na mashapo.

— Imekwisha, — akasema.

Taib akasimama. Alitoa ufunguo wa kiwanda, akampa Mung'aro, akamwambia azipange mbao ukutani na ufunguo aupeleke kwa jirani. Hakuwaaga wenziwe vizuri. Walimwona akikishika kichochoro kwa hatua za mtu aliyesahau kitu motoni, na Muhdhar akasema "Amiri," lakini hakugeuka.

Nyumbani Mwanakuu, mkewe, alikuwa akichambua mchele. Taib alisimama mlangoni na viatu miguuni.

— Mwanakuu.

— Labeka.

— Swabaha yuaketi mtaa gani huko Tanga?

Mkono wa Mwanakuu ukasita juu ya sinia. Hakuuliza kwa nini. Hakuinua hata macho, kama mtu anayeogopa kumrusha ndege aliyetua karibu.

— Ngamiani, barabara ya tisa. Ukishuka kwenye basi ulizia kwa Bi Mbodze, muuza vitumbua, wote wamjua. Toka kwake ni nyumba ya tatu upande wa kisima. Dirisha limepakwa kijani nusu, rangi iliwaishia. Mchana mumewe huwa dukani. Yeye huwa uani, yuafua.

Aliyasema yote kwa pumzi moja, kama sura aliyoihifadhi utotoni. Taib akafahamu kwamba ameyasema hivyo mara nyingi, peke yake.

— Na hukunambia.

— Hukuniuliza.

Akaketi pale pale kizingitini. Nje watu walikuwa wakienda msikitini na mmoja akamsalimu, "Amiri." Taib aliitikia salamu. Kisha akauliza lililobaki.

— Yeye hunitaja?

Mwanakuu akaokota jiwe dogo mcheleni, akalitupa.

— Kila aletapo salamu kwangu, huuliza kama bado wakohoa asubuhi.

Taib akainamisha kichwa. Mwanakuu akaendelea kuchambua, na hakumtazama, kwa kuwa alimjua mumewe, na mtu kama huyo akilia hapendi kuonwa.

Ijumaa kabla jua halijapanda Taib alikwisha kuvuka kivuko cha Likoni. Basi la Tanga lilijaa watu na makuku, naye akabanwa dirishani karibu na bibi mmoja wa makamo aliyekuwa akila korosho na kumkaribisha kila alipochota. Njia nzima Taib alitafuta neno la kusema mlangoni. Aliyajaribu ya hekima, moja baada ya jingine, na kila moja lilisikika kama linasemwa na mtu mwengine. Walipoipita Msambweni yote yalikuwa yamemtoka.

— Wenda wapi, baba? — bibi akamuuliza.

— Naenda kwa mwanangu.

Basi lilikuwa na kelele, na sauti ilimtoka ndogo. Bibi akamwinamishia sikio.

— Wasemaje?

— Kwa mwanangu, — alisema Taib. — Kwa mwanangu Swabaha.